Kope Ikilegea: Ya Kujua Kabla ya Kisu

Watu wa pwani wamelisifia jicho legevu tangu zamani. Binti mwenye kope nzito, anayetazama kama aliyeamka sasa hivi, huambiwa ana macho ya kungu, na wapo wanaokaa mbele ya kioo wakijifunza kurembua vivyo hivyo. Kope ileile ikifika miaka 55 hupewa majina mengine. Mwenyewe huulizwa kazini kama hakulala, kama anaumwa, kama kuna aliyemuudhi nyumbani. Mama anayeulizwa hivyo asubuhi tatu mfululizo huanza kujitazama kwa makini. Siku hizi akitafuta habari za kope mara moja tu kwenye simu, simu humletea picha za kabla na baada wiki nzima.

Anayefika hapo hayuko peke yake, wala hana la kuonea aibu. Kwa hesabu za ISAPS, chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo, mwaka 2024 upasuaji wa kope ulishika nafasi ya kwanza duniani miongoni mwa upasuaji wote wa urembo. Ulifanyika zaidi ya mara milioni 2.1 na kuupita hata ule wa kunyonya mafuta. Wala si jambo la jana. Ali ibn Isa, tabibu wa macho aliyeishi Baghdad miaka 1,000 hivi iliyopita, alieleza namna ya kubana ngozi ya kope iliyozidi katikati ya vijiti viwili mpaka ife na kudondoka. Al-Zahrawi wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1013, aliandika juu ya kuikata na kuichoma kwa chuma cha moto. Matabibu hao walikuwa wakishughulika na kope zilizosumbua macho. Habari ya sura nzuri ilikuja baadaye.

Mpangilio huo wa zamani, jicho kwanza na sura baadaye, ndio ambao mtu anayefikiria upasuaji huu leo anapaswa kuurudia. Kope hufunga na kufunguka mara nyingi kila dakika, na kila ikifunga hutandaza machozi juu ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kuondoa vumbi. Ngozi yake ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini. Haifiki milimita moja. Ikiharibika, jicho linaharibika. Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, inajulikana kwa watafiti wa macho duniani kwa sababu ya ugonjwa wa vikope, yaani trakoma, uliochunguzwa huko tangu miaka ya 1980. Ugonjwa huo hukunja ukingo wa kope kuelekea ndani, nywele zikawa zinakwaruza konea kila mtu anapopepesa, na mwisho wake ni upofu. Katika zahanati za vijijini wagonjwa wa namna hiyo wamefanyiwa upasuaji wa kuugeuza ukingo urudi nje. Kwa Watanzania wengi, huo ndio upasuaji wa kope wanaoujua, na unafundisha jambo moja kubwa: kope yenye hitilafu ya milimita mbili tu inaweza kulipofusha jicho zima.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu bei wala jina la kliniki. Mtu ajiulize: ni kitu gani hasa kilicholegea?

Jibu linaweza kuanza kutafutwa nyumbani kwa dakika tano, na kinachohitajika ni kioo na mwanga wa dirishani. Mtu akae wima, kioo kikiwa sawa na macho, kisiwe mapajani, maana uso ukiinama kila kitu kinaning'inia. Afumbe macho, alegeze paji la uso mpaka mikunjo yake itulie, kisha afumbue polepole bila kuinua nyusi. Hatua hiyo ya mwisho ni ngumu kuliko inavyosikika. Aliyekaa na kope nzito kwa miaka huwa amezoea kuzinyanyua kwa msuli wa paji la uso bila kujijua, na ndiyo sababu baadhi yao jioni huumwa kichwa usawa wa nyusi. Wengine hulazimika kulikandamiza paji kwa kiganja ili litulie.

Akishafumbua hivyo, aitazame ngozi. Kama imekunjamana na kulalia nywele za kope, hasa upande wa nje, ainyanyue kidogo kwa ncha ya kidole na kuangalia ukingo wa kope uko wapi chini yake. Kwa kawaida ukingo huo hukaa milimita 4 hivi juu ya katikati ya mboni. Ukiwa hapo, kilichozidi ni ngozi, na upasuaji wa kawaida wa kope unaweza kumfaa. Ukiwa umeshuka hadi kuifunika sehemu ya mboni hata baada ya ngozi kunyanyuliwa, tatizo lipo kwenye msuli unaoinua kope: umelegea, au umeachia pale ulipojishikiza. Hapo kukata ngozi hakusaidii kitu. Unatakiwa upasuaji mwingine wa kukaza msuli, na ni kazi ya mtu aliyeusomea. Mwisho, ausukume unyusi wenyewe juu kwa kidole mpaka ukae kwenye mfupa. Mkunjo wote ukitoweka, kope haina kosa. Nyusi ndizo zimeshuka.

Wengi wana mchanganyiko wa hayo matatu, na daktari asiyeyatenganisha anaweza kumletea mgonjwa majuto. Achukuliwe mama ambaye nyusi zake zimeshuka lakini akakatwa ngozi ya kope. Kope zikishakuwa nyepesi, paji la uso, lililokuwa likifanya kazi ya kuzinyanyua, linapumzika, na nyusi zinashuka zaidi. Baada ya miezi michache anaona amerudi palepale. Safari hii akitaka nyusi ziinuliwe, ngozi ya katikati imekwisha kukatwa, na macho yanaweza kushindwa kufumba. Daktari anayetaja tarehe ya upasuaji kabla hajaligusa paji la mgonjwa wala kumpima ukingo wa kope, mgonjwa afunge pochi yake na kwenda kwa mwingine.

Zipo pia kope ambazo hazipaswi kabisa kuanzia kwa mpasuaji wa urembo. Uvimbe unaojaa kuzunguka macho kila asubuhi, hasa ukiandamana na miguu kuvimba, unataka kwanza kipimo cha mkojo, kwani figo zinazopoteza protini hujionyesha hivyo. Kope inayokuwa nzuri asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, pamoja na kuona vitu viwiliviwili, inaweza kuwa dalili ya miastenia, ugonjwa wa misuli kuchoka upesi, na huo hutibiwa kwa dawa. Macho yaliyotokeza, moyo unaokwenda mbio na mwili unaokonda ni mambo ya tezi ya shingo; madaktari kwa kawaida husubiri ugonjwa utulie walau miezi 6 kabla ya kuzigusa kope. Na kope ya upande mmoja ikishuka ghafla, kukiwa na kichwa kinachouma vikali au mboni moja kubwa kuliko nyenzake, hilo ni suala la kukimbizwa hospitali kubwa saa ileile, maana mshipa wa damu kichwani unaweza kuwa umevimba na kukandamiza neva ya jicho.

Yapo na madogo yanayosahaulika. Gundi ya kope za bandia, wanja wa bei rahisi na mazoea ya kusugua macho huleta mzio, na mzio wa miaka hulegeza ngozi. Kuna mtu ambaye dawa yake ni kuacha gundi na kupata matone ya mzio kwa miezi miwili, kisha ajitazame upya.

Kope za chini zina habari zake. Vifuko vinavyotuna chini ya macho mara nyingi ni mafuta ya kawaida yanayolizunguka jicho, ambayo utando wake umelegea na kuyaachia yasogee mbele. Wengine wamerithi, na picha ya shule ya sekondari inaonyesha walikuwa navyo tangu ujana. Mafuta hayo yanaweza kupunguzwa au kusambazwa kupitia mkato wa ndani ya kope, upande mwekundu usioonekana, na nje lisibaki kovu lolote. Lakini weusi wa chini ya macho ni jambo jingine. Kama ni kivuli cha kifuko, utapungua. Kama ni rangi ya ngozi yenyewe, kisu hakiugusi, na anayemwahidi mteja kwamba utaondoka kwa upasuaji anamdanganya. Mionzi ya leza nayo, kwenye ngozi nyeusi, inaweza kuacha mabaka meusi kuliko ya mwanzo.

Kwa Mwafrika kuna jambo la maumbile ambalo vitabu vingi vilivyoandikwa kwa sura za Kizungu hulipita haraka. Kwa wastani, macho ya watu wenye asili ya Afrika yametokeza mbele zaidi. Jicho lililotokeza linapokuwa na shavu bapa chini yake, kope ya chini haina pa kuegemea, na ikikazwa au kupunguzwa kwa kipimo cha mtu mwingine huteleza chini na kuacha weupe wa jicho wazi. Daktari anayejua hilo huonekana: humtazama mgonjwa kwa upande, si kwa mbele tu, na huivuta kope ya chini taratibu kisha kuiachia aone inarudi kwa kasi gani. Ikirudi kwa uvivu, kope hiyo inahitaji kushikizwa kwenye kona ya nje kabla ya kupunguzwa chochote.

Kuna na la mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zimechanganywa na dawa za kundi la steroidi, ambazo hufanya ngozi kuwa nyembamba na kidonda kuchelewa kupona. Zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Anayetumia asione haya kumwambia daktari, hata kama mumewe au dada zake hawajui. Ni siri ya chumba cha daktari, na inaweza kubadili mpango mzima.

Hofu ya kovu kutuna ni kubwa Afrika Mashariki, na wenye hofu hiyo wana sababu; kila familia ina mtu ambaye sikio lilivimba baada ya kutogwa. Hapa habari ni njema. Ngozi ya kope ni miongoni mwa sehemu za mwili ambazo keloidi hutokea kwa nadra sana, na mkato wa kope ya juu hufichwa ndani ya mkunjo wa asili. Mwenye historia ya keloidi aiseme, lakini asikate tamaa kabla ya kusikilizwa.

Sababu ya kutaka upasuaji ina uzito kama vipimo vyenyewe. Mwaka 2005, Roh Moo-hyun, aliyekuwa Rais wa Korea Kusini, alifanyiwa upasuaji wa kope za juu zilizolegea akiwa madarakani. Taifa zima likaona sura mpya kwenye televisheni: rais alikuwa na mkunjo ambao hakuwa nao. Nchini humo upasuaji wa kutengeneza mkunjo wa kope ni jambo la kawaida kiasi kwamba mtaa wa Gangnam jijini Seoul umejaa kliniki za kazi hiyo. Takriban nusu ya watu wa Asia Mashariki huzaliwa bila mkunjo huo, na daktari wa Kijapani aitwaye Mikamo alishaandika namna ya kuutengeneza kwa nyuzi mwaka 1896.

Kisa cha Julie Chen ni kizito zaidi. Mtangazaji huyo wa televisheni wa Marekani, mwenye asili ya China, alieleza hadharani mwaka 2013 kwamba akiwa na miaka 25 hivi, katika kituo kimoja cha jimbo la Ohio, bosi wake alimwambia hatakaa kamwe kwenye kiti cha mtangazaji mkuu. Sababu aliyopewa ni kwamba macho yake yalimfanya aonekane amechoshwa na anaowahoji. Alifanya upasuaji, kazi yake ikapanda, na jambo hilo likaigawa familia yake. Hakuna haja ya kumhukumu binti wa miaka 25 aliyewekewa kizingiti cha namna hiyo. Lakini tofauti ya visa hivyo viwili inafaa kukaliwa nayo kwa muda. Mmoja alikuwa na kope zilizolegea. Mwingine alikuwa na macho mazima, na kasoro ilikuwa kwa aliyekuwa akimtazama.

Mtu anayetaka kope zikatwe kwa sababu mume amesema, au kwa sababu ya picha iliyosafishwa na programu ya simu, apewe muda. Miezi mitatu haiharibu kitu. Kinachosaidia katika muda huo ni picha za zamani: ya harusi, ya kitambulisho, ya studio ya miaka 20 iliyopita. Madaktari wazuri huziomba, kwa sababu zinaonyesha kope za mtu huyu zilikuwaje kabla ya kulegea. Lengo la busara ni kumrudisha karibu na sura yake mwenyewe; picha ya mcheza filamu haina kazi katika mazungumzo hayo.

Waislamu wengi huuliza kwanza hukumu ya dini, na wanazuoni wengi hutenganisha tiba inayoondoa madhara na kubadili maumbile kwa ajili ya pambo tu. Hapa kipimo cha hospitali husaidia kuliko maelezo ya mdomo. Kinaitwa kipimo cha upeo wa macho. Mgonjwa hutazama kitu kimoja mbele na kubonyeza kitufe kila anapoona nukta ya mwanga ikijitokeza pembeni. Hupimwa mara mbili: kope zikiwa zimejilegeza zenyewe, kisha zikiwa zimenyanyuliwa kwa plasta. Nukta za juu zisipoonekana mara ya kwanza na zikaonekana mara ya pili, karatasi inayotoka inasema wazi kwamba kope zinamziba kuona. Karatasi hiyo ataipeleka kwa sheikh wake, na ataipeleka pia kwa kampuni ya bima, ambayo kwa kawaida hailipii urembo lakini inaweza kusikiliza inapoonyeshwa kwamba uwezo wa kuona umepungua.

Ukavu wa macho nao upimwe kabla. Kipande chembamba cha karatasi huning'inizwa kwenye ukingo wa kope ya chini kwa dakika 5, na daktari huangalia machozi yameilowesha milimita ngapi. Zikiwa chini ya 10, kuna wasiwasi; chini ya 5, jicho ni kavu hasa, na kope iliyopunguzwa inaweza kulifanya liwashe na kuchoma kila usiku. Aliyefanyiwa leza ya kuondoa miwani hivi karibuni asubiri kwanza, kwa sababu leza hiyo yenyewe hukausha macho kwa miezi.

Ni nani basi apewe kisu? Kope hupasuliwa na daktari bingwa wa macho aliyejiendeleza katika upasuaji wa kope, au na daktari bingwa wa upasuaji rekebishi. Mwingine yeyote hapana, hata kama ana koti jeupe na wafuasi laki mbili mtandaoni. Kenya ina Baraza la Madaktari, linalojulikana kwa kifupi KMPDC. Tanzania Bara ina Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina lake. Mabaraza hayo ndiyo yanayosajili madaktari, na ndiko kwa kuuliza kama aliyetajwa amesajiliwa kweli, na kwa ubingwa gani. Huduma za urembo zimeanza kutolewa hata katika hospitali za umma: Mloganzila, tawi la Hospitali ya Taifa Muhimbili, iliingia katika kazi hiyo mwaka 2023. Oktoba 2024, jijini Nairobi, mwanamke mmoja alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki binafsi, na baraza la Kenya likaifunga kliniki hiyo. Huo haukuwa upasuaji wa kope, lakini swali lililobaki ni lilelile: mambo yakienda mrama usiku, nani yupo, na ana vifaa gani?

Daktari aulizwe maswali bila woga. Amefanya kope ngapi mwaka uliopita, na za watu wenye ngozi na umri kama wa anayeuliza? Anaweza kuonyesha picha za wagonjwa wake mwenyewe, zikiwemo za ambao hawakupona vizuri? Bei aliyotaja ina nini ndani yake: mtaalamu wa ganzi, chumba cha upasuaji, dawa, kutolewa nyuzi, na marekebisho kama kope moja itakuwa juu kuliko nyingine? Anayekasirika kwa maswali hayo ameshajibu.

Wanaokwenda nje, Uturuki au India, wapange kukaa huko mpaka nyuzi zitoke na daktari awaone tena. Nao watafute mapema daktari wa nyumbani atakayekubali kuwahudumia wakirudi, kwa sababu kope inayopata shida wiki ya tatu haiwezi kutibiwa kwa video.

Wiki mbili hivi kabla ya siku yenyewe daktari atataka orodha ya kila kinachomezwa. Aspirini, ibuprofeni, dawa za kuyeyusha damu, vidonge vya mafuta ya samaki na vya kitunguu saumu vyote huongeza kutokwa damu. Dawa za moyo na za kuyeyusha damu zisiachwe kwa uamuzi wa nyumbani. Aliyeziandika ndiye wa kusema. Presha na kisukari vishushwe kwanza. Sigara iachwe.

Asubuhi ya upasuaji, hatua muhimu kuliko zote hufanyika kabla ya ganzi, na mgonjwa anaweza kuishuhudia. Anaketi wima, kwa sababu akilala ngozi hujipanga upya. Daktari anachora kwa kalamu ya wino mstari kwenye mkunjo wa kope, kisha anashika ngozi iliyozidi kwa kibano butu, kidogo kidogo, kutoka upande wa pua kwenda nje, huku akimwambia mgonjwa afumbe jicho. Nywele za kope zikianza kuinuka, amefika mwisho. Jicho likikataa kufumba, amepitiliza, na anarudi nyuma. Anachora mstari wa pili hapo, halafu anapima kwa rula kinachobaki kati ya unyusi na ukingo wa kope. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba isipungue milimita 20. Daktari anayechora kwa haraka huku mgonjwa amelala, bila kupima kitu, asimamishwe. Mgonjwa ana haki ya kunyanyuka na kuondoka hata wakati huo.

Kazi yenyewe, kwa kope mbili za juu, mara nyingi haizidi saa moja au mbili, kwa ganzi ya sindano na pengine dawa ya kutuliza. Nusukaputi si lazima kwa wengi.

Usiku wa kwanza ndio wa kulindwa. Kwa wastani mgonjwa 1 kati ya 2,000 hivi hutokwa damu nyuma ya jicho, zaidi ndani ya saa 24 za mwanzo, na damu hiyo ikikandamiza neva inaweza kumpofusha. Kuvimba na kuvilia damu pande zote mbili ni kawaida. Yasiyo ya kawaida ni maumivu makali yanayoongezeka upande mmoja, jicho kusukumwa mbele na kuwa gumu, au kuona giza. Anayeyaona hayo asimeze dawa ya maumivu na kusubiri kuche. Ana saa chache tu, na daktari akiwahi hufungua kona ya jicho kupunguza mkandamizo. Namba ya simu inayopokelewa saa 8 usiku iwe imeandikwa na kupewa anayelala naye chumba kimoja.

Siku mbili za kwanza ni za vitambaa vya baridi na mito miwili chini ya kichwa. Kuinama, kubeba ndoo na kumbeba mtoto ni marufuku, kwa sababu damu hukimbilia kichwani. Anayeswali amuulize daktari kuhusu sijida. Kuswali kwa kuketi na kuashiria kwa kichwa ni ruhusa ya mgonjwa, kama ilivyo tayamamu pale maji yanapokatazwa kugusa kidonda. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 5 na ya 7. Wanja, kope za bandia na lenzi za machoni zisubiri wiki mbili hivi, na mpaka daktari aseme. Miwani ya jua ivaliwe kila mgonjwa atokapo mlangoni, maana kovu changa likichomwa na jua hubaki jeusi. Harusi ya mtoto ikiwa baada ya wiki mbili, upasuaji ungoje harusi ipite.

Kisha ni subira. Wiki ya pili kope moja itaonekana juu kuliko nyingine, na mama atalia mbele ya kioo akidhani ameharibiwa. Uvimbe hauondoki sawasawa pande zote. Sura ya kweli hujulikana kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na daktari makini hakubali kurekebisha kitu kabla ya hapo, isipokuwa jicho lenyewe liwe hatarini. Kama ngozi kidogo imebaki, itapunguzwa kwa ganzi ileile kwa muda mfupi. Kama ilikatwa kupita kiasi na jicho halifumbi usiku, mgonjwa atalala na mafuta ya macho na kitambaa, na mwisho atatafutiwa kiraka cha ngozi kutoka nyuma ya sikio lake.